Usiku wa mwisho wa bomba

Saa tatu na robo usiku. Nimetoka bafuni sasa hivi. Mkono wa kulia bomba la mililita 20 lisilo na sindano, limejaa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Wa kushoto simu imewashwa tochi. Mdomo umeachama kama wa kinda. Ncha naipeleka kwenye shimo nyuma ya gego la mwisho, taya la chini, nasukuma taratibu. Maji yanarudi na kilichojificha humo. Leo imetoka punje ya wali, nzima. Miezi saba nafanya hivi kila nikimaliza kula, na leo ndiyo mara ya mwisho, kwa sababu kesho napasuliwa taya.

Haya yalianza nilipokwenda kuziba jino jingine kabisa. Daktari akahesabu, akarudia kuhesabu, akauliza, "Kaka, hili la mwisho uling'oa lini?" Nikamwambia sijawahi kung'oa jino. Akanipeleka kupiga picha ya taya zima, ile unayouma kijiti cha plastiki huku mashine inakuzunguka kichwa. Kwenye picha, upande wa kushoto, kulikuwa na doa jeusi kubwa kuliko nilivyotaka kuliona, kingo zake safi kama zimechorwa kwa penseli, na lile jino lisiloota limelala ndani.

Kilichoniudhi ni kwamba halikuwahi kuuma. Shavu halikuvimba pia. Daktari alinieleza kuwa doa lile huenda ni kifuko kilichoota ndani ya taya, na vifuko vya aina hii hutambaa ndani ya mfupa kwa urefu, havisukumi sana nje, ndiyo maana kioo hakiwezi kukuambia. Mimi muda wote huo natafuna miwa.

Alinichoma ganzi, akavuta kilichomo kwa sindano. Vifuko vingine hutoa maji ya manjano. Changu kilitoa kitu cheupe, kizito kama maziwa mgando. Akanyamaza kidogo, halafu akasema watakata kinyama kiende maabara. Nikasubiri majibu wiki mbili. Usiku wa kwanza tu nilishajifunza kwenye simu neno ameloblastoma, uvimbe ambao mara nyingi hutibiwa kwa kukata kipande cha taya, na picha kwenye eksirei inaweza kufanana na yangu. Usiku ule sikulala, na karanga zangu nikawapa watoto.

Majibu: keratosisti, aina ya kifuko cha taya, si ameloblastoma. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliihamishia kwenye kundi la uvimbe, na 2017 likairudisha kwenye vifuko. Daktari alinisimulia hayo akicheka. Mimi kicheko kilinijia baadaye, kwenye daladala.

Nilitaka kitolewe siku hiyohiyo. Akakataa. Kifuko kilikuwa kimeulalia mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini hisia, na mfupa uliobaki chini yake ulikuwa mwembamba, wa kuvunjika. Basi kwanza wakakitoboa na kukiacha wazi, presha ya ndani iishe, mfupa ujijaze wenyewe. Ni njia ya zamani. Daktari Mjerumani, Carl Partsch, aliieleza mwaka 1892. Sikuamini kwamba tundu na maji ya chumvi vingejenga mfupa, mpaka nilipowekewa picha mbili bega kwa bega, ya kwanza na ya baada ya miezi sita. Doa limesinyaa na kuuacha mshipa. Pale palipokuwa peusi pameingia ukungu wa kijivu, na daktari aliugusa kwa kalamu yake: "Huu ni mfupa wako mpya."

Kesho ni nusu kaputi. Watalitoa jino, watabandua ngozi ya kifuko yote, kisha watasaga kidogo mfupa unaokizunguka. Ngozi yenyewe ni nyembamba kama utando wa kitunguu, na kikibaki kipande, kifuko huota tena. Kwa hiyo picha za kila mwaka zitaendelea, kwa miaka. Nimesaini pia kwamba mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa, pengine zaidi.

Mama amepiga simu. Kwake hili bado ni "lile jino lako". Sijamsahihisha.

Kuanzia saa sita usiku sili wala sinywi. Begi liko mlangoni, khanga ya mke wangu juu yake. Binti yangu ameliomba bomba, anataka kumwagilia mchicha wake wa kwenye kopo. Nimemwambia asubiri kwanza nirudi.