Kabla hamjaweka vigae kwenye kaburi la bibi

Kwetu Old Moshi mtu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa, na masale hupandwa pembeni. Naupenda utaratibu huu. Unaanika nguo, babu yuko hatua chache tu.

Kinachoniuma ni maandishi. Kaburi la mama yake babu liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Sasa zinasomeka herufi nne tu, ALIZ, na msalaba uliopinda. Mwaka umeliwa na ukungu na mvua za masika. Shangazi anasema marehemu alizaliwa mwaka wa nzige, basi.

Uingereza nako mawe ya makaburi uani kwa kanisa humomonyoka, hasa ya mchanga. Lakini tangu 1538 parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko daftarini, kwa hiyo jiwe likifutika jina linaweza kubaki. Kwetu Kilimanjaro madaftari ya namna hiyo ni ya juzi: wamisionari Waluteri wa Leipzig, Ujerumani, walifika 1893. Na uchungu wa kukosa kaburi tunaujua: Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa hapa na Wajerumani 1900, na ukoo wake umelitafuta fuvu lake Ujerumani miaka mingi.

Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu mnaokuja nyumbani Desemba na maboksi ya vigae: msifunike kwanza. Pigeni picha asubuhi, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huibua hata herufi hafifu. Msisugue kwa brashi ya waya. Halafu mkae na shangazi, mwandike mama wa nani, wa ukoo gani, aliolewa kutoka wapi.

Fundi atasubiri.