Si Kila Kimelea Ni Mnyoo
Wiki iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kwenye maabara moja ndogo huku Umoja, Nairobi, kwa sababu tumbo lilikuwa limemsokota kwa siku kadhaa, nami nilikwisha kuamua moyoni kwamba ni minyoo, kwa vile kwetu kila tumbo linalouma husingiziwa minyoo. Majibu yalionyesha giadia.

Mtaalamu wa maabara, dada mwenye subira kunishinda, alinieleza kwamba huyo si mnyoo bali ni protozoa, yaani kiumbe mwenye seli moja asiyeonekana bila hadubini. Protozoa hugawanywa kwa namna wanavyojongea: ameba hutumia miguu ya bandia, yaani sehemu za mwili wake zinazochomoza kwa muda, giadia na vimelea vya malale hutumia mijeledi, yaani vijikia virefu vinavyochapachapa, balantidiamu hutumia vinyweleo, ilhali plasmodiamu wa malaria akishapevuka hana kiungo cha kujongelea. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba protozoa huzaana ndani ya mwili wa mtu, hata wachache waliomezwa pamoja na maji machafu wakawa jeshi, lakini minyoo iliyokomaa kwa kawaida haiongezeki humo.

Minyoo yenyewe ina ya bapa, kama tegu na ile ya kichocho, na ya mviringo, kama chango na ile ya safura. Ipo pia yenye vichwa vya miiba, ambayo kwa binadamu ni nadra. Chawa, kupe na funza, wanaoishi juu ya ngozi au kujichimbia ndani yake, ni kundi la tatu la vimelea, baada ya protozoa na minyoo.

Dawa ya minyoo niliyokuwa nimekimbilia kununua bado iko kabatini.