Taa ya chek enjini inawaka na kuzima: usikubali ifutwe kabla hujaisoma

Kuna tabia ya mafundi wetu hapa Mombasa inanikera na leo naitoa. Unampelekea mtu gari, unamwambia taa ya chek enjini inawaka siku mbili tatu halafu inazima yenyewe, yeye anachomeka mashine chini ya usukani, anabonyeza bonyeza, taa inazima, anataka pesa yake. Ukimuuliza ilikua kodi gani (ile namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari inaiandika) anakwambia "nshaifuta yakhe, iko sawa, twende." Iko sawa vipi na hujagusa kitu? Ushahidi wote ndo umeutupa huo.

Taa ya kuwaka na kuzima ina kero yake, ukifika gereji injini imetulia tuli, kama mtoto aliyeshinda na homa usiku kucha halafu mbele ya daktari anaruka ruka. Lakini kompyuta ya gari imeandika. Kwa makosa mengi, kosa likionekana mara ya kwanza inaliweka pembeni tu kama kodi inayosubiri na taa haiwaki, likirudi safari inayofuata ndo taa inawaka, kisha zikipita safari tatu mfululizo bila kuliona taa inazima bila kuguswa na mtu. Kodi yenyewe bado imo, inaweza kukaa mpaka injini ipate moto na kupoa kama mara 40. Tena pamoja na kodi inahifadhi hali ilivyokua dakika ile: joto la injini, mwendo wa gari, mzunguko wa injini na mzigo iliobeba. Ukifuta vyote vinaenda, na kuchomoa tamino ya betri kwa gari nyingi pia ni kufuta, kwa hivyo ule ujanja wa "toa betri kidogo" tuuwache.

Yangu ilikua inapenda foleni ya feri Likoni. Jua kali, AC inafanya kazi, magari hayasongi, mara usukani unaanza kutetemeka kidogo na taa hiyo. Ukivuka ukashika barabara ya Ukunda gari inaenda vizuri kabisa. Nikachomeka kile kidude cha blututh cha ELM327 kinachoongea na simu (kijaribu kwenye gari yako kabla hujalipa, si kila gari ya Japani inakubali kuongea nacho), ikatoka P0303. P0300 ingekua injini inamisi (petroli haiungui inavyotakiwa ndani ya silenda) ovyo bila silenda maalum, hiyo 3 ya mwisho ni silenda ya tatu. Na ile rekodi ikasema mwendo 0, joto digrii 90 na kitu. Gari imesimama na imepata moto, silenda moja tu. Kwa hivyo hadithi ya petroli mbaya nikaiweka kando, petroli mbaya ingezigusa zote nne.

Baada ya hapo hakuna haja ya kununua spea bado. Koili ya tatu (ile inayoipa plagi umeme wa cheche) niliihamishia silenda ya kwanza na ya kwanza nikaileta ya tatu, ni boliti moja moja ya spana namba 10. Kodi ikirudi P0301 basi koili ndo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikarudi P0303 vile vile. Plagi nazo nikabadilisha nafasi, wapi, bado ya tatu.

Ikabaki nozo, ile inayopuliza petroli kwenye silenda, na waya zake. Injini inanguruma bila kukanyagwa, nikashika soketi ya nozo ya tatu nikaitikisa taratibu, palepale injini ikaanza kukohoa, nikiachia inatulia. Kuichomoa, pini moja imeota kijani, ile kutu ya shaba, na kibati cha ndani kimelegea hakibani tena. Hewa yetu ya chumvi hiyo, na mtu akiosha injini kwa presha maji yanaingia huko ndani yanakaa. Kwenye foleni mtikisiko wa injini na AC ulitosha kuikata, barabarani injini ikizunguka vizuri inashika.

Na yote haya nasema kwa taa inayowaka ikatulia. Ikianza kupepesa, yaani kuwaka na kuzima haraka haraka, huku gari inamisi, punguza mguu utafute pa kusimama, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye katalaiza, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, inaipika, na bei ya katalaiza kaulize mwenyewe.

Soketi nilipata ya gari iliyovunjwa, pesa kidogo sana. Ukienda kununua mwambie muuzaji akukatie na waya wake kama shibiri moja, kuunga waya ni rahisi kuliko kuhangaika kutoa pini kwenye plastiki iliyozeeka, inavunjika mkononi. Halafu usiangalie taa tu, kwa siku kadhaa fungua simu uangalie kule kwa kodi zinazosubiri, maana kama bado kuna kitu kitaanzia huko.