Isiuzwe

Juzi mwanangu aliniuliza kwa nini nakunja uso mtu akisema "gari imeharibika". "Kwani hujamwelewa?" Nimemwelewa. Nikaanza kumfafanulia mambo ya ngeli, kwamba gari limo katika LI-YA, lakini sikufika mbali, kwa sababu nilikuwa nimeshaikumbuka barua ya baba.

Mnaonisoma mnazijua karaha zangu. "Masaa mawili" inanikwaza. "Nyimbo hii" inanikwaza, kwa kuwa ukiwa mmoja ni wimbo huu. "Wewe ndio uliyesema" inanikwaza, pamoja na hilo "kuweza" linalopachikwa kila mahali: mgeni akaweza kufika, akaweza kuwasalimu watu, akaweza kuketi. Wapo wanaodhani ni majivuno. Si majivuno. Kiambishi cha Kiswahili ni kidogo lakini kimebeba mzigo mkubwa, kwa kuwa kinakutajia kitu ambacho hakikutajwa. Mezani pana kalamu na daftari. Nikikwambia "limeanguka", unajua cha kuokota. Nikisema "imeanguka", unaokota kingine. Mtu akikipa kila kitu i-, ametunyang'anya msaada huo, na aghalabu hajui kwamba ametunyang'anya.

Baba alijifunza Kiswahili ukubwani, kazini, kwa watu wa lugha mbalimbali. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamia na kukisambaza mashuleni, lakini baba hakukikuta darasani. Alikiokota mdomoni mwa wenzake, ambako i- ilitosha kwa kila kitu. "Jembe yangu iko wapi?" Nami tangu nikiwa mwanafunzi nikawa namrekebisha: "Jembe langu liko wapi, baba." Hakuwahi kukasirika. Alikuwa akirudia polepole, "liko", kisha anaendelea na habari yake. Miaka yake ya mwisho alikuwa akianza sentensi, anasita kabla ya kitenzi, ananitazama kidogo, halafu ndipo anachagua.

Barua aliiacha ndani ya kitabu alichokuwa akisoma. Tuliipata baadaye, wakati kaka amelazwa na fedha za matibabu hazipo, na mtu wa kulinunua shamba amekwisha kupatikana. Tukaketi: shangazi, dada, shemeji na mimi.

Ilikuwa karatasi moja ya daftari, yenye mistari, iliyoandikwa pande zote mbili kwa wino wa bluu. Sentensi zilizotukusanya zilikuwa upande wa pili, karibu na mwisho. "Nyumba na shamba ni vyenu nyote. Isiuzwe."

Shemeji alisema hakuna cha kujadili hapo, baba amekataza. Dada akatikisa kichwa kumuunga mkono. Shangazi akaisukuma karatasi mbele yangu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimfundisha. Isome utuambie anasemaje."

Nikaisoma kwa sauti, halafu nikaisoma kimya. Kama alikusudia vyote viwili, ingekuwa "visiuzwe". Kama alikusudia shamba, "lisiuzwe". "Isiuzwe" ni nyumba. Matibabu ya kaka yalikuwa yameegemea silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Tena tazama neno la karibu: "vyenu". Vi- alikuwa ameshaitumia, kwa nyumba na shamba kwa pamoja, maneno mawili tu nyuma. Angetaka kukataza vyote, vi- ilikuwa mkononi mwake. Aliiacha, akashika i-.

Hiyo ni iwapo aliandika kwa kalamu niliyokuwa nikimsahihishia. Kama aliandika kwa ulimi wake, basi i- ile yaweza kuwa nyumba, yaweza kuwa shamba, yaweza kuwa mali yote aliyokuwa nayo.

Nikaigeuza karatasi nikatafuta ushahidi. Upande wa kwanza alikuwa ametuandikia habari za kilimo: "Shamba la chini limechoka, lipumzisheni." Sahihi kabisa. Mistari michache chini yake: "Jembe kubwa iko kwa jirani." Hapo i- ya zamani imerudi. Nikarudi kwenye "limechoka", na sasa nikaiona vizuri. L ilikuwa imebanwa. Haikuwa na nafasi yake, iliingizwa kati ya "chini" na i, nyembamba kuliko herufi nyingine, imegusana na neno lililotangulia. Aliandika "imechoka" kwanza. Halafu akarudi nyuma, akaisoma kazi yake kama nilivyokuwa nikimwambia aisome, akaongeza l.

Nilikaa na hiyo l kwa muda. Dada alikuwa ameinama begani kwangu naye anaitazama. Kisha nikageuza tena upande wa pili. Mbele ya "Isiuzwe", baada ya nukta, palikuwa na nafasi tele. Herufi mbili zingeingia bila kubanwa. Hapakuwa na kitu.

Nikawaeleza yote niliyoyaona, na yale yaliyonipinga pia: jembe nililitaja. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo?" Nikasema maandishi haya yanaikataza nyumba.

Shamba liliuzwa. Kaka alitibiwa, akapona, leo anafanya kazi zake. Nyumba ipo, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Tangu hapo, mtu wa nyumbani akiniletea karatasi yenye mali ndani yake niipitie, namwomba ataje kila kitu kwa jina lake, kila mara, hata kama sentensi itakuwa nzito. Nyumba isiuzwe. Shamba lisiuzwe. Asiniachie kiambishi peke yake. Nakipenda mno kiambishi, lakini sitaki kimtwike mzigo huo mtu ambaye hatakuwapo kuulizwa.

Dada hajakubali. Hatujagombana, ila hajakubali, na hoja zake sijaweza kuzivunja. Anasema mtu anayetaka kuiokoa nyumba peke yake hana haja ya kulitaja shamba pumzi moja kabla ya kukataza. Namjibu kwa "vyenu", ananijibu kwa jembe. Namwonyesha "lipumzisheni", kwamba hiyo haikubanwa, ilimtoka sawasawa mara ya kwanza, kwa hiyo shamba alilijua. Ananiambia "lipumzisheni" aliiandika mkono ukiwa na nguvu, na upande wa pili mistari imeshaanza kupanda. Ni kweli imepanda, nimeipima kwa macho mara nyingi. Kuhusu ile l tunakubaliana wote wawili: aliirudia barua, akaisahihisha. Alifika mpaka mstari gani, hapo ndipo tunapoachana.