Asali Mkononi mwa Samsoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Waamuzi 14:5–9. Lisomeni taratibu kwanza, ndipo mrudi kwangu. Mimi nililisoma miaka mingi nikimtazama simba tu, na macho yakapita juu ya asali.

Samsoni alikwisha kumuua yule simba. Siku zikapita, akarudi njia ileile, akageuka pembeni kuutazama mzoga, akakuta nyuki ndani yake, na asali. Akaikomba kwa mikono yake, akawa anaila huku anatembea. Alipowafikia baba yake na mama yake akawagawia, nao wakala, ila hakuwaambia ameitoa wapi.

Sasa rudini nyuma sura moja. Huyu mama ndiye aliyeambiwa na malaika asinywe divai wala kileo, asile kitu najisi, kwa sababu mtoto atakayemzaa ni mnadhiri wa Mungu, yaani mtu aliyetengwa kwa ajili yake, tangu tumboni. Mama akajizuia miezi yote ile kwa ajili ya mwanawe, halafu mwana huyohuyo akamlisha asali ya ndani ya mzoga, kitu najisi, akanyamaza. Naamini ilikuwa tamu kweli. Yule mama huenda alilamba vidole na kumshukuru mwanawe.

Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilivyoadimika. Mvua za El Niño zilijaza mashamba maji, miwa ikashindwa kuvunwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na huku mitaani kilo ikapita shilingi 4,000, tena kwa kujuana. Sisi wa Morogoro tulichekwa, kwa kuwa mkoa wetu una viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, na bado tulikuwa tunaulizana dukani kwa sauti ya chini kama watu wanaotafuta magendo. Nilizunguka Jumamosi nzima nikapata kilo mbili. Moja niliimimina kwenye kopo la jikoni. Ya pili niliifunga kwenye mfuko, nikaiweka kabatini chumbani, chini ya kanga.

Siku ya nne au ya tano jirani yangu akabisha hodi, kikombe mkononi. "Mama Neema, nisaidie sukari kidogo tu, huyu mtoto uji hautaki kabisa." Kopo la jikoni lilikuwa limebaki vumbi. Nikamfunulia, nikamwonyesha, nikamwambia, "Jamani mama, imeisha, na wewe unajionea." Akanipa pole! Akaondoka na kikombe chake.

Nikachemsha chai. Nikaingia nayo chumbani, nikatoa mfuko chini ya kanga, nikatia vijiko vitatu vya kurundika kama kawaida yangu. Nikakoroga polepole, kijiko kisiguse ukingo wa kikombe, maana ukuta wetu na jirani ni mmoja na nyumba hizi unajua zilivyo. Mzee wa kanisa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nimekaa ukingoni mwa kitanda nakoroga chai kwa kunyata.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Samsoni, asali mkononi, mdomo kimya. Na likanijia neno la Paulo ambalo nimelifundisha mara nyingi nikilenga walevi: "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote" (1 Wakorintho 6:12). Sukari ni halali, hakuna anayebisha. Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, mpaka ikanifundisha kudanganya mwenye mtoto.

Nitoke nje ya njia kidogo, mtanisamehe. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipoukataa muswada wa kukomesha biashara ya watumwa, Wakristo wengi wa kule, wakiwemo wa Kanisa la Marafiki (Quakers), waliacha kutia kwenye chai sukari ya visiwa vya Karibi, kwa sababu iliyoilima ni mikono ya watumwa. Akina mama walikuwa mstari wa mbele, maana kopo la sukari lilikuwa chini yao. Na tusidhani hayo ni ya mbali: karne ya 19, bonde la Pangani hapahapa kwetu lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Sisemi sukari ya dukani leo iko hivyo. Nasema tu wale watu walifanya jambo ambalo mama yake Samsoni hakupewa nafasi ya kulifanya. Waliuliza utamu umetoka wapi.

Basi. Miezi michache baadaye nilipima sukari ya damu, nikakutwa na 6.4 kabla ya kula. Muuguzi akaniambia bado sijaitwa mgonjwa wa kisukari, kikomo ni 7, lakini nimeshafika barazani. Akaniuliza nakunywa chai ngapi. Tatu. Vijiko vingapi? Nikasema viwili. (Hata pale!) Akanitazama, nikasema vitatu. Akaniambia Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, na ya asali na ya juisi humohumo, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo ndiyo bora. Hiyo nusu ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai vya kusawazisha. Mimi nilikuwa navimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na chupa moja ya soda peke yake inabeba kama vijiko nane.

Nilikwenda kwenye Danieli 10. Tumezoea mbogamboga za sura ya kwanza, lakini hii ya kumi ndiyo iliyonisaidia. Danieli mzee, anaomboleza kwa ajili ya watu wake, anasema hakula chakula kitamu majuma matatu. Nikasema nami nijaribu majuma matatu.

Sikuacha yote siku moja, na sitawaambia ilikuwa rahisi. Nilianza kwa kusawazisha kijiko kwa kidole. Halafu viwili, halafu kimoja, na tangawizi na mdalasini nikizidisha ili ulimi uwe na cha kufanya. Siku za mwanzo kichwa kiliuma, na nikawa mkali nyumbani mpaka mtoto wangu akaniuliza kama tumefiwa. Saa mbaya kuliko zote ilikuwa saa kumi jioni, muuza kashata anapopita na beseni lake. Saa hiyo nilikuwa nakula ndizi nimesimama, na sala yangu ilikuwa fupi: Bwana, apite huyu. Wiki mbili nilianguka mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia binti yangu nimekula, tena vipande vinne, na nikashangaa jinsi kusema kulivyopunguza hamu. Jumapili moja, kwenye sherehe ya kipaimara, nikapewa soda, nikanywa mafunda mawili nikaona kama dawa ya kikohozi ya watoto. Ulimi ulikuwa umegeuka bila kuniaga.

Wale mnaotumia insulini au vidonge vya kisukari, msianze mfungo huu kwa kusoma ujumbe wangu. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka ghafla, na huko kuna hatari kubwa. Kamwoneni daktari kwanza, msiogope kwamba ni kukosa imani.

Lilibaki jambo la jirani. Nililiahirisha, nikajipa sababu, kwamba ni zamani, kwamba mtoto sasa yuko chekechea na hata uji hanywi tena. Juzi Jumanne nikavaa kanga zangu, nikabeba kilo moja ya sukari, nikaenda. Nikamweleza yote, kabati, mfuko, kunyata. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Dada, nilijua. Ile chai yako ilikuwa na iliki. Ilivuka ukuta." Nikataka kupiga magoti, akanishika mkono, akasema hakuna haja, nimsaidie ungo.

Tulichambua mchele mpaka ukaisha. Kilo yangu ya sukari iliwekwa juu ya meza na haikutajwa tena na mtu.

Ibada ya jumuiya wiki hii ni kwake, Alhamisi saa kumi na moja jioni. Chai itapikwa bila sukari na bakuli litakaa katikati, kila mtu ajipimie. Anayependa kuja na kitu alete matunda, na ukikuta mimi nasawazisha kijiko kwa kidole msinicheke. Kwa sala, tumkumbuke baba yetu mmoja aliyeanza dawa mwezi huu na anaona aibu kuzinywa mbele ya watu.