Baba na hema la Elkmont

Baba alikataa katakata. Nilipomwambia kwamba nimeshalipia nafasi ya hema huko Elkmont, ndani ya milima ya Great Smoky, aliacha kula akanitazama. "Nimelala chini ya turubai kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Leo Mungu kanipa nyumba yenye kuta, halafu nitoe hela yangu nirudi kwenye turubai?" Wadogo zangu wakainamia sahani zao. Walikuwa wameshawaambia rafiki zao shuleni kwamba tunakwenda.

Hiyo ilikuwa 2019. Tulikuwa tumeingia Knoxville, Tennessee, mwaka 2016, na kabla ya hapo sisi watoto hatukujua kwingine ila kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Kambi ile ilifunguliwa 1996, watu wa Fizi na Uvira walipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita vya Zaire, Kongo ya leo, na wazazi wangu walikuwa kati ya waliofika mwanzo mwanzo. Mimi nilizaliwa humo. Hema lao la kwanza sikulikuta. Nilipopata akili tulikuwa na nyumba ya matofali mabichi, Baba kayafyatua mwenyewe, ila juu yake bado lilitandazwa turubai la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mvua ikishuka usiku tulikuwa tunaongea kwa kupiga kelele. Kwa hiyo nilimwelewa. Lakini sikutaka kuachia.

Kilichonivuta ni vimulimuli. Dada mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi aliniambia kuwa huko Elkmont, kila mwaka kati ya mwisho wa Mei na Juni, kuna vimulimuli wanaowaka wote kwa pamoja na kuzima wote kwa pamoja, msitu mzima. Wanasayansi wanawaita Photinus carolinus. Watu wanaotaka kuwaona ni wengi mno, mpaka hifadhi inachezesha bahati nasibu kugawa nafasi za magari kwa zile siku chache ambazo wanawaka sana. Ila mtu mwenye nafasi ya hema pale pale Elkmont hahitaji bahati nasibu, maana yuko ndani tayari. Nafasi zinafunguliwa miezi sita kabla. Nilikesha mwezi wa Desemba na simu mkononi nikaipata yetu, na ilikuwa karibu kabisa na mto.

Aliyekata shauri ni Mama. Alisema, "Baba Neema, twende tukaone. Tukichoka tutarudi usiku huo huo. Gari ni letu." Baba akanyamaza, na kwetu Baba akinyamaza ameshakubali.

Tulipita Sevierville na Pigeon Forge, barabara imejaa mataa na sehemu za michezo, kisha Gatlinburg, kisha ghafla hakuna tena maduka, ni miti tu. Hifadhi ya Great Smoky iko nusu Tennessee na nusu North Carolina, na ndiyo inayopata wageni wengi kuliko hifadhi zote za taifa za Marekani. Getini hakuna kiingilio. Kwa kweli hakuna hata geti, na Baba aliuliza tunajisajili wapi. Nikamwambia tukifika. Akauliza tena, na kibali cha kutoka je? Huko Nyarugusu, ukipita kilomita nne kutoka kambini bila kibali unakamatwa.

Elkmont iko bondeni, na mto Little unapita katikati ya mawe makubwa ya mviringo, maji maangavu mpaka unaona changarawe. Kila familia ina kiwanja chake kidogo, chenye namba, meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia moto. Vyoo vipo, vya maji, lakini bafu hakuna. Mama alikagua vyoo kwanza, akarudi ameridhika.

Basi mimi na mdogo wangu wa kiume tukaanza kuhangaika na hema. Lilikuwa la kuazima, lina fito nyembamba za kuunganisha, na maelekezo yake hayakuwemo. Baba alikuwa amekaa mezani, mikono kifuani. Alituvumilia kidogo, akainuka. Alilizungukia mara moja, akatazama mteremko wa ardhi unaelekea wapi, akatuambia tuligeuze mlango kwa sababu maji yakija yatatoka upande ule. Alikaza kila kamba, akaipigapiga kwa kidole kusikia kama imebana. Vigingi alivipigilia kwa jiwe, vimelalia nje, si wima kama tulivyoweka sisi. Mikono yake haikuuliza kitu. Niliona aibu na fahari kwa pamoja, nikashindwa kusema lolote.

Kisha akachukua kijiti kigumu akaanza kuchimba mfereji kuzunguka hema.

Hapo ndipo askari wa hifadhi alipotokea, mwanamke, kavaa ile kofia yao ya ukingo mpana na sare ya kijivu na kijani. Alikuwa anapita kiwanja kwa kiwanja. Baba alipomwona aliangusha kile kijiti. Akavua kofia. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa ile kadi yake ya ukaazi akamnyooshea, mkono umenyooka kabisa. Hakuna aliyemwomba. Nilimwona Mama naye amesimama na kuwavuta wadogo zangu nyuma yake.

Yule askari hakuitazama kadi. Alimtazama Baba usoni, akasalimia, akasema hema limesimama vizuri sana. Akaeleza kwamba kuchimba mifereji hakuruhusiwi kwa sababu udongo unaharibika, na kwamba chakula chote, hata sabuni na dawa ya meno, kifungiwe ndani ya gari usiku kwa ajili ya dubu. Nilitafsiri. Baba bado ameshika kadi. Askari akampa vipande vya karatasi laini nyekundu vya kufungia tochi, maana mwanga mweupe unawavuruga vimulimuli, akatutakia usiku mwema akaenda kwa majirani.

"Ni hivyo tu?" Baba aliniuliza.

"Ni hivyo tu."

Aliirudisha kadi mfukoni, akaufukia ule mfereji kwa mguu. Nimefikiria sana tangu siku ile habari ya mkono wake ulivyonyooka, na sitaki mtoto wangu auone mkono wa mtu umenyooka hivyo.

Tulikuwa tumenunua kuni njiani, fungu dogo limefungwa kwa plastiki, lina muhuri. Sheria ya hifadhi tangu 2015 ni kwamba huingizi kuni zozote kutoka nje isipokuwa zilizopashwa moto kiwandani, kwa sababu ya wadudu wanaojificha ndani ya magogo na kuua misitu. Mama alilishika lile fungu akaliangalia pande zote. Bei yake ilimuumiza. Nikamwambia nimesoma pia kwamba kuni kavu zilizoanguka zenyewe humu ndani, mtu anaruhusiwa kuokota za kuwashia moto wake.

"Kuokota? Msituni?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna mtu atakuja kutukamata?"

"Hakuna."

"Hakuna wanaume huko?"

Sikumjibu haraka. Mtu aliyeishi Nyarugusu anajua swali lile linatoka wapi. Kuni zilikuwa mbali, nje ya mpaka, na wanawake walikwenda kwa makundi alfajiri, na si wote waliorudi kama walivyokwenda. Mama hajawahi kutusimulia na sisi hatujawahi kumuuliza. Nilimwambia nitakwenda naye. Tulivuka kibarabara tukaingia chini ya miti. Mwanzoni alikuwa anageuka geuka, akiokota kijiti na kusimama kusikiliza. Baadaye akaacha kugeuka. Akatoa kitenge kiunoni, akalaza matawi, akafunga mzigo, akakata jani pana la kujipepea na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Alirudi na mzigo kichwani, mgongo wima, mikono ameiachia. Majirani zetu, wazee wawili weupe, walisimama kumtazama. Mama akawapungia.

Tulipika ugali wa muhogo na ndagala tuliokuja nao. Wakati sufuria inachemka nilimsomea Baba maneno ya ubao mmoja wa njiani. Elkmont ilikuwa mji wa wakata mbao mwanzoni mwa karne iliyopita, reli ilipanda mpaka hapa, na kampuni ya Little River ilivuna bonde zima. Baadaye matajiri wa Knoxville wakajenga nyumba zao za mapumziko, baadhi bado zimesimama, na hifadhi ikaanzishwa 1934. Sehemu kubwa ya miti hii imeota upya baada ya hapo. Baba alitazama juu, shingo imekunjika. Kwetu Nyarugusu aliiona milima ikigeuka kuwa mitupu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu watu zaidi ya laki moja lazima wapike. "Kumbe inarudi," alisema. Aliendelea kutazama juu mpaka ugali ukaanza kupoa.

Giza lilichelewa, kama kawaida ya Juni huku. Saa tatu na nusu usiku tulifuata watu kwenye njia ya kando ya mto, tochi zetu nyekundu zikielekezwa chini. Mamia ya watu, na kimya. Mwanzo aliwaka mmoja, halafu watatu, hovyo hovyo. Wadogo zangu wakaanza kulalamika. Kisha, sijui ni nani aliyewapa amri, msitu wote ukawaka mara tano, sita, pa-pa-pa, mwanga wa manjano kutoka majani ya chini mpaka juu ya mlima, ukazimika. Giza tupu, sekunde nane hivi. Kisha tena. Wanaoruka na kuwaka hivyo ni madume. Katika lile giza majike walio chini kwenye majani hujibu kwa mwanga hafifu, na ukichuchumaa unauona. Mdogo wangu wa mwisho alilala kifudifudi akawa anawatafuta.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Sauti yake ilitoka polepole, kwa Kibembe kwanza, halafu akarudi kwenye Kiswahili ili watoto wasikie.

Usiku walipovuka ziwa, alisema, hapakuwa na mwezi. Boti ilijaa watu na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha hata kiberiti. Katikati ya ziwa waliwakuta wavuvi wa ndagala, karabai zao zimetapakaa juu ya maji, ziko nyingi hivi. Wavuvi waliposikia injini walidhani ni wanajeshi, wakazifunika zote kwa mara moja. Boti ikabaki gizani, haijui ielekee wapi. Mama alikuwa ananyonyesha kaka yangu, yule ambaye hakufika. Halafu mvuvi mmoja akafunua taa yake. Kisha wa pili. Kisha wote, na kwa mwanga wao nahodha akaona njia ya kupita katikati ya nyavu.

"Kama hivi," alisema Baba. "Ilikuwa kama hivi hasa."

Nilijua nilikuwa na kaka. Habari ya boti sikuwa naijua. Mama alimshika Baba mkono pale gizani na sisi watoto tukajifanya hatuoni, tukaendelea kuhesabu sekunde za giza.

Baba alilala ndani ya hema usiku ule, karibu na mlango. Sikumsihi. Alivua viatu, akaingia, na mlio wa mto ukamlaza kabla yetu sote.

Asubuhi nilimkuta amekunja suruali, yuko ndani ya maji mpaka magotini pamoja na yule mzee jirani, ambaye alikuwa anarusha ndoana ya manyoya. Baba alikuwa mvuvi kule Fizi kabla ya vita. Hawakuwa na lugha moja, lakini mzee alikuwa anamwonyesha kifundo cha mkono kinavyogeuka, na Baba anamwonyesha wapi samaki amelala nyuma ya jiwe. Niliitwa kutafsiri sheria tu: chambo cha kweli hakiruhusiwi, ni cha bandia na ndoana moja, samaki wa chini ya inchi saba anarudishwa majini, na lazima uwe na leseni ya uvuvi ya jimbo. Baba alisikiliza kwa makini, akauliza leseni wanaitolea wapi, na kama wanaipa mtu mwenye kadi ya ukaazi.

Nikamwambia wanampa yeyote.

Kuni alizookota Mama zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Alitaka tuzipakie kwenye gari, nikamweleza kwamba ni bora ziachwe pale pale. Akawapelekea wale wazee, akazipanga mwenyewe kando ya moto wao, ndogo juu, nene chini. Njiani Baba alinikumbusha leseni tulipofika Gatlinburg, na tena Sevierville. Tulipoingia Knoxville nilimkatia leseni kwenye simu kabla hatujashusha mizigo, nikamchapishia, akaiweka mfuko ule ule wa shati, pamoja na kadi.