Kufuta data hakurudishi nafasi papo hapo

Dodoma, Jumamosi jioni

Wiki hii diski za seva zetu zimenishughulisha kuliko jambo lingine lolote kazini. Tunatunza vipimo vya kina cha maji katika visima virefu, vinavyotumwa na vihisi kila baada ya dakika 15, na vyote huingia katika kanzidata ya Cassandra iliyogawanywa kwenye seva kadhaa. Katika nchi kame kama hii ya Ugogo, ambako mvua ni za msimu mmoja na sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka ardhini kule Makutupora, rekodi za namna hii zina thamani kubwa, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akifuta data kwa haraka eti kwa sababu diski inakaribia kujaa.

Kijana tunayefanya naye kazi alinijia juzi akiwa na wasiwasi. "Kaka, nimefuta vipimo vyote vya majaribio, lakini diski badala ya kushuka imepanda. Nimekosea wapi?" Nilimjibu kwamba hajakosea popote, tukaketi mbele ya skrini kuyatazama mafaili yenyewe moja baada ya jingine.

Cassandra haigusi faili ambalo limekwisha kuandikwa. Ukifuta safu, kinachotokea ni kuandikwa kwa alama mpya inayosema kwamba safu ile imefutwa, huku data ya zamani ikiendelea kukaa palepale ilipokuwa. Ndiyo maana diski ilipanda. Alama hiyo nayo haiondolewi mapema: kwa mpangilio wa kawaida hutunzwa sekunde 864,000, yaani siku 10, na sababu yake ni ya msingi kabisa. Kila kipimo chetu kina nakala 3 kwenye seva 3 tofauti. Seva moja ikizimika wakati wa kufuta, haitapata habari za ufutaji huo. Na ikirudi baada ya wenzake kuisahau alama, itawagawia upya data iliyokwisha kufutwa, nao wataipokea kama data halali. Wapo wanaoshauri muda huo upunguzwe hadi saa chache ili nafasi irudi upesi. Mimi siafiki, isipokuwa kwa mtu mwenye uhakika kwamba zoezi la kulinganisha nakala za seva zote hukamilika ndani ya muda huo mpya, kila mara, hata katika wiki ambayo umeme umekatika. Na seva iliyokaa nje kupita muda huo ni heri ifutwe yote na kujengwa upya kutoka kwa wenzake kuliko kurudishwa kundini kama ilivyo.

Hata muda ukipita, nafasi hairudi mpaka mafaili ya zamani yaunganishwe kuwa faili jipya lisilo na data iliyofutwa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu anayetaka kupanga upya ghala lililojaa mtama anahitaji uwanja wa kutolea magunia kwanza. Kanzidata nayo huandika faili jipya lote kabla ya kuyaondoa yale ya zamani. Kwa mbinu ya kuunganisha mafaili yenye ukubwa unaokaribiana, hali ikiwa mbaya kabisa unaweza kuhitaji nusu ya diski iwe tupu. Diski iliyofika asilimia 90 inaweza basi kushindwa kabisa kujisafisha, hata kama robo ya kilichomo ni takataka. Ipo mbinu ya ngazi, inayopanga mafaili madogo madogo katika ngazi na kuridhika na takriban asilimia 10, lakini huifanya diski isome na kuandika mara nyingi zaidi, na kwa data inayoingia mfululizo kama yetu sioni kama bei hiyo inalipa.

Tulichokikuta kwenye skrini kilikuwa kikubwa kuliko alama zote za ufutaji: folda za snapshoti, yaani kumbukumbu za jinsi mafaili yalivyokuwa kwa wakati fulani. Unapochukua snapshoti, hakuna kinachonakiliwa; faili lile lile hupewa tu jina la pili, hivyo siku ya kwanza haichukui nafasi yoyote ya maana. Mafaili yakishaunganishwa, jina la kwanza linaondoka lakini la pili linabaki, na data nzima inaendelea kukalia diski bila kuonekana kwenye jedwali lolote. Zaidi ya hayo, ukiamuru jedwali zima limwagwe, yaani data yake yote iondolewe, mfumo kwa kawaida huchukua snapshoti wenyewe kwanza. Amri ya listsnapshots ya nodetool, chombo cha kuisimamia Cassandra, ilituonyesha yote, na baada ya kuhakikisha kwamba bakapu ipo mahali pengine na inasomeka, tukaziondoa. Vilevile, seva mpya inapoongezwa, zile za zamani hazitupi zenyewe data zilizoikabidhi. Ni lazima nodetool cleanup iendeshwe kwa kila moja.

Jambo la ufunguo wa kugawia data, yaani kile kinachoamua kipimo kiende seva ipi, lingestahili siku yake. Mkoa wa Dodoma una wilaya 7, na ukigawa data kwa jina la wilaya pekee, seva itakayoangukiwa na wilaya yenye visima vingi itajaa wakati nyingine zina nafasi tele. Sisi tunagawa kwa kisima pamoja na mwezi.

Ninachokiamini baada ya haya yote ni kwamba uamuzi wa kuondoa data unapaswa kufanyika wakati wa kuiandika. Kipimo kikiingia na muda wake wa kuishi, na mafaili yakipangwa kwa vipindi vya wakati, faili zima hutupwa kwa mkupuo pale kila kilichomo kinapokwisha muda na siku za kusubiri zikapita, bila kuunganisha chochote. Sharti lake ni kwamba vipimo visichelewe mno njiani, kwa kuwa data ya miezi ya nyuma ikichanganyika na ya leo katika faili moja, faili hilo litasubiri mpaka iliyo changa zaidi nayo imalize muda wake.

Muda huo wa kuishi hauhusu data iliyokwisha kuingia bila kuwekewa, kwa hiyo miaka ya nyuma itabaki kushughulikiwa kwa mkono. Jumatatu nitawauliza wataalamu wa maji ni kwa muda gani wanahitaji vipimo vya kila dakika 15, na kuanzia lini wastani wa siku unawatosha, kwa maana jibu hilo ni la kwao kulitoa wala si la watunza seva.